Kujiandaa na Mtihani P wa Takwimu Bima Ukiwa Dar es Salaam

Wengi wanaofeli mitihani ya takwimu bima, yaani fani ya kukokotoa hatari na gharama za bima, hesabu wanaziweza. Shida ni kwamba wamesoma sana na kukokotoa kidogo. Ukiona suluhisho la mwalimu na kuafiki kila mstari, bado hujajua kama ungeweza kuuanza mstari wa kwanza mwenyewe. Kila tunachoshauri hapa kinalenga kuziba pengo hilo.

Tunachukua Mtihani P wa SOA (Society of Actuaries), chama cha Marekani cha wataalamu wa takwimu bima, kwa kuwa ndio ambao wengi huanza nao. Unahusu uwezekano. Una maswali 30 ya kuchagua jibu moja kati ya matano, kwa saa 3, yaani wastani wa dakika 6 kwa swali. Matokeo hutolewa kwa alama 0 hadi 10, na kufaulu ni kuanzia 6.

Kanuni iliyozoeleka ni kusoma saa 100 kwa kila saa ya mtihani. Kwa P ni saa 300. Mtu anayefanya kazi Posta na kuishi Kimara au Mbagala asipange kusoma usiku, kwa sababu foleni humfikisha nyumbani amechoka. Saa kumi na nusu alfajiri hadi saa kumi na mbili na nusu, siku tano kwa wiki, ni saa 10. Ongeza saa 5 za Jumamosi, upate 15. Kwa mwendo huo utahitaji wiki 20. Muda wa kwenye mwendokasi tumia kukariri wastani na varianzi (kipimo cha mtawanyiko) za migawanyo ya binomia, Poisson, eksponensha, gama na normali, lakini usiuhesabu ndani ya saa 300. Hutapewa karatasi ya fomula, kwa hiyo fomula hizo lazima zikae kichwani.

Wiki 9 za kwanza maliza mada zote, na usiiache mada kabla hujafanya maswali 15 yake. Karibu nusu ya mtihani hutoka kwenye migawanyo ya kigeu nasibu kimoja (kiasi kinachoamuliwa na bahati, kama hasara), basi hapo ndipo pa kukaa muda mrefu. Kama intigresheni ya sehemu kwa sehemu imekutoka, irudie wiki ya kwanza. Ukiiacha, itakukwamisha kwenye migawanyo endelevu kama eksponensha na gama.

Wiki 11 zilizobaki ni za maswali mchanganyiko. SOA imeweka maswali mengi ya mfano ya P bure kwenye tovuti yake, pamoja na majibu. Yapakue yote mapema ili kukatika kwa intaneti au umeme kusikuvurugie asubuhi. Kabla ya kukokotoa, geuza maneno ya swali kuwa alama za hesabu: kigeu ni kipi, kimewekewa sharti gani, kinatafutwa nini. Mkisoma kikundi pale Mlimani, jadilianeni kwa Kiswahili, kisha kila mmoja aandike alama zake bila kuchungulia za mwenzake.

Chukua mfano huu. Hasara ya gari ina mgawanyo wa eksponensha, wastani wake shilingi 1,000,000. Mwenye bima anabeba 500,000 za mwanzo, kampuni inalipa kinachozidi. Wastani wa malipo ya kampuni ni kiasi gani? Kama ni kwa kila hasara, zidisha 1,000,000 kwa e yenye kipeo cha −0.5, upate takriban 606,531. Kama ni kwa kila malipo yaliyotolewa kweli, jibu ni 1,000,000 kamili, kwa kuwa eksponensha haina kumbukumbu: hasara ikishavuka 500,000, kinachozidi kina wastani uleule. Tarajia kuyakuta majibu yote mawili kwenye machaguo, na anayesoma haraka huchukua lile la kwanza aliloliona.

Makosa ya namna hiyo yaandike kwenye daftari maalumu. Andika namba ya swali, mada, na sababu moja kati ya nne: sikujua, sikuelewa swali, nilikosea kukokotoa, muda uliniishia. Rudia kila swali ulilokosa baada ya siku 3, kisha baada ya siku 10, bila kuangalia jibu. Baada ya wiki mbili hesabu sababu zako. Wengi hushangaa kukuta "sikuelewa swali" ndiyo inayoongoza, na dawa yake si kusoma sura upya.

Kikokotoo kinataka mazoezi yake. BA II Plus inaruhusiwa, lakini ikiwa kwenye mpangilio wa Chn, unaokokotoa kwa mfuatano wa kubonyeza, 2 + 3 × 4 itakupa 20 badala ya 14. Badilisha iwe AOS, inayotanguliza kuzidisha kabla ya kujumlisha, na desimali ziwe 9.

Wiki 4 za mwisho fanya mitihani kamili miwili kila wiki, saa 3 bila kusimama, simu chumba kingine. Swali likipita dakika 2 bila kuona njia, chagua jibu lolote, liwekee alama, songa mbele, utarudi. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama, kwa hiyo kuacha wazi ni hasara tupu.

Anayefanya mitihani ya IFoA (Institute and Faculty of Actuaries), chama cha Uingereza, abadilishe mazoezi: vipindi ni Aprili na Septemba, hatua za kazi hupewa alama, na karatasi ya pili ya CS1, mtihani wao wa takwimu, hufanyika kwenye kompyuta kwa R, programu ya kukokotoa takwimu.

Unapojisajili, hakikisha jina lako linalingana herufi kwa herufi na la kwenye pasipoti. Siku ya mtihani toka nyumbani mapema kiasi kwamba hata mvua ikijaza barabara bado utafika nusu saa kabla, ukiwa na kikokotoo cha akiba cha aina inayoruhusiwa.