Kabla ya kumrudisha mbunge wako bungeni tena

Nashona sare za shule huku Eastlands, na mbunge wetu nimempigia kura mara tatu. Mara mbili za kwanza nilimpa kwa sababu alikuja matangani kwetu akatoa mchango. Ya tatu, 2022, nilimkagua kwanza. Rais ana mihula miwili tu, lakini mbunge hana kikomo. Mwai Kibaki alichaguliwa hapa Nairobi 1963, akahamia Othaya 1974, akadumu bungeni hadi 2013. Wa kusema "sasa inatosha" au "endelea" ni mimi na wewe.

Kwanza jua kazi yake. Takataka na zahanati isiyo na dawa ni za kaunti. Hayo mshike gavana na MCA, yaani mwakilishi wa wadi yako kwenye bunge la kaunti. Mimi nilimaliza muhula mzima nikimlaumu mbunge kwa takataka, na kumbe kosa halikuwa lake.

Penye mambo hasa ni NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya eneo bunge, wenye pesa za miradi ya shule na basari za karo. Usiridhike na bango lenye picha yake. Nenda ofisi ya eneo bunge uombe orodha ya miradi na pesa iliyotengewa kila shule. Wakikuzungusha, andika barua ukitaja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: wana siku 21 za kukujibu. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri urudi nayo. Kisha tembea. Nilibeba daftari langu la vipimo, nikaandika kurasa za nyuma: shule hii madarasa manne kwenye orodha, manne yapo, watoto wamo, ile nyingine, msingi tu na nyasi. Waulize wazazi basari ilifika shuleni lini. Ikifika mtoto ameshatumwa nyumbani kwa karo, andika hivyo hivyo.

Hansard, yaani rekodi ya yanayosemwa na kupigiwa kura bungeni, iko kwenye tovuti ya Bunge, bure. Wingi wa maneno ya mbunge wako usikubabaishe. Tafuta siku zilizotuuma: Juni 25, 2024, Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku hiyo hiyo vijana wetu wakapigwa risasi nje ya Bunge. Jina lake lilikuwa upande gani? Mimi hilo nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya.

Ukishakata shauri, usingoje Agosti 10, 2027. Kwetu, mwenye tiketi ya chama chenye nguvu karibu ameshapita, kwa hiyo mchujo wa chama ndio uchaguzi wenyewe. Hakikisha mapema jina lako limo kwenye rejista ya chama.

Siku yenyewe, kura zikishahesabiwa, rudi kituoni. Fomu 35A, yenye matokeo ya kura za mbunge kituoni hapo, hubandikwa mlangoni. Ipige picha, namba zote zionekane, uzilinganishe na zitakazosomwa kituo cha kujumlishia kura.