Ukaguzi wa kliniki ya meno: anza kwa kufuata koleo moja

Mkaguzi anayeijua kazi yake hakai muda mrefu kwenye vyeti vilivyotundikwa ukutani. Anafungua droo, anatoa pakiti moja yenye koleo la kung'olea jino, kisha anauliza: hili lilitakaswa lini, yaani vijidudu vyote viliuawa lini, kwenye mashine ipi, na nani alithibitisha kwamba mashine ilifanya kazi? Kliniki inayojibu hayo matatu bila kuhangaika imeshavuka sehemu ngumu. Ndiyo maana ninapoandaa kliniki sianzi na orodha ya masharti. Nafuata koleo moja tangu linapotoka mdomoni mwa mgonjwa hadi linapokuwa tayari kwa mwingine. Fanya hivyo siku yenye wagonjwa wengi, maana siku tulivu huficha kasoro.

Hatua ya 1: Kutoka kwenye kiti. Koleo libebwe kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, si kwenye trei iliyo wazi. Kama halioshwi papo hapo, litunzwe na unyevu, kwa sababu damu ikishakauka kuitoa ni shughuli. Chumba cha utakasaji kiwe na upande mchafu na upande safi, na vifaa visirudi nyuma.

Hatua ya 2: Kuosha. Hapa wengi huharakisha ili wawahi autoklevu, yaani mashine ya kutakasa vifaa kwa mvuke, na hapa ndipo kazi yote huharibikia. Mvuke hauui kile usichokigusa, na uchafu uliobaki huwakinga vijidudu. Anayeosha avae glavu nene, aproni isiyopitisha maji, miwani na barakoa. Maji yasizidi nyuzi 45, kwani yakiwa moto zaidi protini za damu huganda na kung'ang'ania chuma. Koleo lifunguliwe, lisuguliwe likiwa ndani ya maji ili yasiruke usoni, kisha lisuuzwe.

Sasa chukua kioo cha kukuzia, usimame penye mwanga, uangalie bawaba na mifereji ya meno ya koleo. Ukiona mstari mwembamba wa kahawia, lirudi kuoshwa. Kioo hicho kikae mezani siku zote, kisitolewe kabatini mgeni akija. Likishakaguliwa, koleo likaushwe kabisa kabla ya kufungwa.

Hatua ya 3: Autoklevu. Vipimo vinavyotumika sana ni nyuzi 121 kwa dakika 15 au nyuzi 134 kwa dakika 3, na dakika zinahesabiwa baada ya joto kufikiwa, si tangu ulipobonyeza kitufe. Fuata pia maelekezo ya mtengenezaji. Jua aina ya mashine yako: ile isiyofyonza hewa kwanza haifai kwa vifaa vilivyofungwa kwenye pakiti wala vyenye matundu ndani, kwa sababu hewa iliyonaswa huuzuia mvuke kupenya. Pakiti ikitoka na maji, usiihifadhi. Karatasi iliyolowa hupitisha vijidudu.

Kubadilika rangi kwa utepe unaobandikwa nje ya pakiti hakuthibitishi kwamba kifaa kimetakasika. Kunaonyesha tu kwamba pakiti imepita kwenye joto. Uthibitisho wenye nguvu zaidi ni kipimo cha mbegu za bakteria aitwaye Geobacillus stearothermophilus, ambazo ni sugu sana kwa joto. Kliniki nyingi hukifanya kila wiki. Kichupa kimoja kinaingia kwenye mashine, kingine kinabaki nje, halafu vyote vinaatamishwa, yaani vinawekwa kwenye joto linaloruhusu bakteria kukua. Kilichobaki nje lazima kioteshe bakteria. Kisipootesha, kipimo chenyewe hakina maana. Kilichopita kwenye mashine kikiotesha, simamisha mashine na urudishe pakiti zote zilizopitia humo tangu kipimo cha mwisho kilichofaulu. Hilo linawezekana tu kama kila pakiti ina tarehe na namba ya mzunguko, yaani ya safari moja ya mashine tangu kuwashwa hadi kumaliza.

Hatua ya 4: Daftari. Liandikwe mzunguko unapoisha, na aliyeutoa mzigo asaini. Ukurasa wenye "sawa, sawa, sawa" kwa kalamu moja na mwandiko uleule hujisema wenyewe kwamba uliandikwa jioni moja. Binafsi nalithamini zaidi daftari lenye mstari unaosema mzunguko ulishindikana, fundi akaitwa, vifaa vikarudiwa. Huo ndio ushahidi kwamba mtu anaangalia. Usimruhusu yeyote kujaza nafasi zilizoachwa wazi kwa sababu ukaguzi umekaribia. Huko ni kughushi, na anayeumia ni mgonjwa.

Hatua ya 5: Maji ya kiti. Ndani ya mipira myembamba inayopitisha maji kwenye kiti cha mgonjwa hujengeka utando wa bakteria. Fungulia maji ya drili kwa sekunde 20 hadi 30 baada ya kila mgonjwa. Hata hivyo, kufungulia tu hakuondoi utando, hivyo unahitaji dawa ya mipira na kupima maji kwa ratiba. Kiwango kinachotumiwa sana ni bakteria wasiozidi 500 kwa mililita.

Hatua ya 6: Vyenye ncha kali. Sanduku la usalama liwe karibu na kiti, na lifungwe likifika robo tatu. Kisha muulize msaidizi, tena mfanya usafi: "Ukichomwa na sindano unafanya nini?" Jibu liwe hili: naosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, sikamui, natoa taarifa mara moja. Dawa za kinga dhidi ya VVU zianze mapema iwezekanavyo, isipite saa 72. Kadi za chanjo ya homa ya ini B ziwepo za wafanyakazi wote, si za madaktari peke yao.

Hatua ya 7: Eksirei na dharura. Anayepiga picha asimame nyuma ya kizuizi, wala asishikilie filamu mdomoni mwa mgonjwa. Kifaa cha kupima mionzi kivaliwe, kisilale kwenye droo. Fungua mtungi wa oksijeni uone unatoa, na usome tarehe ya mwisho kwenye adrenalini, dawa ya dharura.

Kila kasoro iandikwe pamoja na jina la mhusika na siku ya kuirekebisha, na mkaguzi akija umwonyeshe orodha hiyo. Wiki inayofuata rudia safari yote ukifuata drili badala ya koleo, kwa kuwa ndani yake kuna mirija ambayo brashi haifiki. Anza kwa kuangalia kama idadi ya drili ulizonazo inatosha kila mgonjwa apate iliyotakaswa.