Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuvuta Bega Lililotenguka

Katika mwambao wa Kigoma, kuanzia Kibirizi hadi Ujiji na kuendelea hadi vijiji vya kusini ambako safari ya kwenda hospitali huanza kwa boti, bega hufanya kazi nzito: huvuta nyavu za dagaa usiku kucha, hubeba madumu ya mawese, na ndilo hupokea uzito wa mwili pale bodaboda inapoteleza. Likichomoka, watu waliopo huwa na haraka ya kulirudisha, nami naielewa haraka hiyo kwa sababu maumivu yake ni makali. Niliwahi kumpokea kijana mvuvi ambaye wenzake walimlaza mchangani, mmoja wao akamwekea kisigino kwapani na kuuvuta mkono hadi bega likarudi. Bega lilikuwa limekaa vizuri, lakini ngozi ya upande wa nje ilikuwa na ganzi na mkono haukuinuka. Hakuna aliyeweza kuniambia kama ganzi ile ilikuwapo kabla ya kuvutwa au ilikuja baada ya kisigino, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameangalia.

Jambo la kwanza la kuzingatia, basi, ni kujua kilichomo ndani ya kwapa. Kichwa cha mfupa wa mkono wa juu ni cha mviringo na kinakaa kwenye kitako kifupi cha kombe la bega, mfano wa ndimu juu ya kisahani. Kinachokishikilia hasa ni kano pamoja na misuli minne inayotoka kwenye kombe na kukizunguka mbele, juu na nyuma. Kwa chini hakuna msuli wa kukizuia, na ndiyo maana takribani mabega 95 kati ya 100 yanayotenguka huenda mbele, kichwa cha mfupa kikiangukia upande wa kwapa.

Kwapa lenyewe lina kuta. Mbele kuna misuli miwili ya kifua, mkubwa na mdogo; nyuma kuna misuli ya kombe na ule mpana wa mgongo; ndani kuna mbavu zilizofunikwa na msuli unaolishikilia kombe lisibenuke. Katikati ya kuta hizo, ndani ya mafuta na tezi za limfu, zile ambazo zikivimba watu husema mtu ana mtoki, hupita karibu kila kitu kinachouhudumia mkono. Ateri ya kwapa huanzia kwenye ukingo wa ubavu wa kwanza, na vena yake huandamana nayo. Neva zinazotoka kwenye uti wa mgongo, kuanzia ya 5 hadi ya 8 za shingo na ya kwanza ya kifua, huungana na kugawanyika tena kuizunguka ateri hiyo, kisha huzaa neva kuu 5 za mkono. Anayekandamiza kisigino kwapani anavikandamiza hivyo vyote kwa pamoja.

Kati ya neva hizo 5, inayoumia mara nyingi zaidi bega linapochomoka ni neva ya aksilari, kwa kuwa huzunguka shingo ya mfupa wa mkono wa juu kutoka nyuma, sentimita 5 hadi 7 hivi chini ya ncha ya bega, na mfupa ukishuka huivuta. Ndiyo inayoupa nguvu msuli wa deltoidi, ule unaolipa bega umbo la mviringo, na ndiyo inayoleta hisia kwenye ngozi ya chini yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuvuta chochote, chukua kipande cha pamba, mwambie mgonjwa afumbe macho, kisha mguse taratibu upande wa nje wa bega lililoumia, halafu lile zima, na umuulize kama anahisi sawasawa. Akihisi sawa, usihitimishe kwamba neva ni salama kabisa, maana hisia inaweza kubaki ilhali msuli umelegea. Endelea na kiganja: akiweza kukiinua kuelekea nyuma, neva ya radiali inafanya kazi; akitawanya vidole, ni neva ya alna; akiunganisha ncha ya kidole gumba na ya shahada kufanya duara, ni neva ya mediani. Akikunja kiwiko kidogo, ya tano nayo imeonekana.

Mapigo ya damu kwenye kifundo cha mkono yapimwe pande zote mbili. Hapa pana mtego, kwa sababu ateri ndogo zinazolizunguka kombe zinaweza kupitisha damu hata kama ile kubwa imeumia, hivyo mapigo yakawepo. Mkono ulio baridi au uvimbe unaokua kwapani ni dharura, hasa kwa mzee ambaye ateri zake zimekakamaa.

Asiyefunzwa asivute. Aliyefunzwa naye aitake picha ya eksirei kwanza inapopatikana, kwa sababu shingo ya mfupa ikiwa imevunjika, kuvuta huongeza madhara.

Kwa safari, mkono uachwe katika hali ambayo mgonjwa mwenyewe ameiona ina nafuu, ubebwe kwa kanga iliyofungwa shingoni, na nguo iliyokunjwa iwekwe kati ya mkono na ubavu bila kukandamiza kwapa. Pete na bangili zivuliwe mapema. Saa aliyokula mara ya mwisho iandikwe, kwani huenda akahitaji dawa ya usingizi.

Majibu ya vipimo vile yaandikwe pia, pamoja na saa, ili virudiwe na kulinganishwa baada ya bega kurudishwa. Karatasi hiyo ibanwe kwenye kanga ileile inayoubeba mkono, mahali ambapo atakayempokea mgonjwa ataiona kabla hajamgusa.