Kumpatia mtoto mdogo vitamini D ya kutosha Zanzibar

Zanzibar iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta na jua halitukatai mwaka mzima, lakini mtoto anaweza kupungukiwa na vitamini D papa hapa visiwani. Vitamini hiyo hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua lenyewe, na kioo cha dirisha huizuia mionzi inayohitajika hata kama chumba kimejaa mwanga.

Kazi huanzia kwa mama. Mtoto huzaliwa na akiba aliyoipata tumboni, na mama ambaye kila atokapo huwa amejisitiri kwa buibui huenda akawa na akiba ndogo. Maziwa yake nayo, pamoja na ubora wake wote, huwa na vitamini D kidogo mno. Mwenye ua uliozungushiwa ukuta na afulie nguo hapo mikono na miguu ikiwa wazi, kisha aulize kliniki kuhusu matone ya vitamini D.

Kiwango kinachopendekezwa sana kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja ni yuniti 400 kwa siku, yaani maikrogramu 10. Soma lebo kabla ya kumpa, kwa maana ziko chupa ambazo tone moja tu lina yuniti 400, na nyingine ambazo kiasi hicho hupatikana katika mililita nzima. Anayechanganya hizi mbili humzidishia mtoto mara nyingi. Vitamini D ikizidi, kalsiamu hupanda katika damu, na mtoto hutapika, hushikwa na kiu na hufunga choo. Anayekunywa kiasi cha lita moja ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga kwa siku kwa kawaida hahitaji matone.

Desturi ya kumwotesha mtoto jua la saa moja asubuhi haina ubaya, ila kwa vitamini D faida yake ni ndogo, kwa kuwa jua bado limelala. Tazama kivuli: kikiwa kifupi kuliko urefu wa aliyesimama, jua hapo linafanya kazi, lakini pia linaunguza. Aliyekwisha kuanza kutembea acheze uani dakika chache mikono na miguu wazi, kichwa kikiwa na kofia. Aliye chini ya miezi sita asiwekwe kwenye jua kali. Huyo ategemee matone.

Kuanzia miezi sita, mpe kibua au samaki mwingine mwenye mafuta, aliyechambuliwa miiba vizuri, na kiini cha yai kilichoiva. Dagaa waliosagwa pamoja na mifupa yao huongeza kalsiamu kwenye uji, nayo ikikosekana mifupa hulegea hata kama jua lipo.

Mtoto akiwa na miguu inayozidi kupinda baada ya kuanza kutembea, vifundo vya mikono vilivyovimba, au utosi unaochelewa kufunga, apelekwe kituo cha afya akapimwe, wala asiongezewe matone kwa kukisia.