Somo: Namna ya kukagua vifaa vya mtoto vya mtumba kabla hujatoa pesa

Wazazi wenzangu na mnaotarajia, salaam.

Hakuna vitu ndani ya nyumba vinavyoachwa upesi kama vya mtoto. Nguo za mwezi wa kwanza zinambana kabla hazijapauka, na kigari kinaanza kukaa bure akishajua kukimbia. Kununua vilivyotumika ni busara, wala mzazi asione haya. Ila rangi mpya na shuka safi huficha mengi, kwa hiyo kwenye mtumba wa mtoto tafuteni kwanza historia ya kifaa, sura baadaye.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujaenda kukiona

Kilinunuliwa mwaka gani? Kimetumiwa na watoto wangapi? Kuna kipande kilishawahi kuvunjika kikaungwa? Kitabu cha maelekezo kipo? Kisha omba picha ya lebo ya mtengenezaji, ambayo mara nyingi hubandikwa chini au nyuma. Hapo utapata jina la modeli na tarehe ya kutengenezwa, na kwa jina hilo utafute mtandaoni kama modeli hiyo iliwahi kurudishwa kiwandani kwa sababu ya kasoro. Muuzaji akizungushazunguka kuhusu lebo, achana naye, hata kama bei inavutia.

Hatua ya 2: Kitanda

Hapa usiwe na haraka. Kitanda ndicho kifaa pekee ambacho mtoto anaachwa nacho peke yake saa nyingi, nawe umelala.

Anza na fito za pembeni. Viwango vya Marekani vinataka nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Nafasi ikiwa kubwa, kiwiliwili cha mtoto kinapenya halafu kichwa kinakwama, naye hana nguvu za kujinasua. Huna rula? Chukua kopo la soda la kawaida. Likipita kati ya fito, kitanda hicho hakifai. Jaribu kila nafasi, maana fito moja ikishalegea huachia upande mmoja na kubana upande wa pili.

Sasa shika kingo ya juu kwa mikono miwili ukitikise. Kitanda kizima hakilii wala hakiyumbi. Kikilia, tafuta skrubu iliyopotea au tundu lililopanuka hadi skrubu inazunguka bure. Tundu la namna hiyo kwenye mbao laini halitengenezeki likaaminika. Pitisha kiganja kwenye nguzo za pembe nne: kisiwepo kichwa cha nguzo kilichochomoza ambacho nguo ya mtoto inaweza kunasa.

Godoro linatakiwa kuwa gumu na kuenea kitanda chote. Vidole viwili vikiingia pamoja kati ya godoro na ukingo, ni dogo. Libonyeze katikati kwa kiganja, uachie: lirudi hapo hapo. Likibaki na bonde, mwili wa mtoto mwingine umeshalitengenezea umbo, na uso wa mtoto wako unaweza kuzama humo. Mimi kitanda nitanunua mtumba, godoro nitanunua jipya. Zile pedi nene za kuzungushia pembeni mwa kitanda, wakikupa bure zikatae. Marekani ilipitisha sheria ya kuzipiga marufuku mwaka 2022, kwa kuwa zinaweza kumziba mtoto pumzi.

Hatua ya 3: Kiti cha gari

Kiti cha gari chukua kwa mtu unayemjua na kumwamini tu. Kiti kilichopata ajali kinaweza kuwa na ufa ndani ya plastiki usioonekana kwa macho, na ufa huo utajitokeza siku ya ajali ya pili.

Kigeuze uangalie chini. Viti vingi vina tarehe ya mwisho wa matumizi iliyochapwa kwenye plastiki yenyewe, mara nyingi kati ya miaka 6 na 10 tangu kutengenezwa. Kama ni cha Ulaya, tafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye R44 au R129, yaani viwango vya usalama vya viti vya watoto. Kwa R44, namba ya kibali ianze na 03 au 04. Zinazoanza na 01 au 02 ni za zamani mno, na Ulaya ilikataza kuvitumia.

Funga na kufungua kifungio mara kadhaa: usikie mlio wake wa kushika, na kisifunguke ukivuta mkanda kwa nguvu. Mkanda uliochanika nyuzi pembeni au uliokakamaa kwa dawa ya kufulia umekwisha kazi.

Hatua ya 4: Kigari

Hiki ni chepesi kukagua. Funga breki ukisukume: magurudumu yasizunguke. Kikunje na kukikunjua mwenyewe, uone kama kinajifunga kabisa bila kulazimishwa, na wapi kidole kidogo kinaweza kubanwa. Mikanda iwe ya pointi tano: mabega mawili, kiuno pande mbili, na katikati ya miguu. Kwa mtoto mchanga, kiti kilale kabisa.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Dada yangu amenipa kitanda ambacho upande mmoja unashuka na kupanda. Nikiukaza kwa skrubu usishuke tena, si itatosha?

Jibu: Haitatosha, mpendwa. Vyuma vya upande ule huchakaa, upande unaachia kidogo tu, na mtoto anabanwa kwenye upenyo huo. Marekani ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2011 baada ya watoto kufa, na kuukaza upande hakukifanyi kitanda kufikia kiwango kipya. Mshukuru dada, ila mtoto asilale humo.

Swali: Mwanangu husinzia kwenye kiti cha gari. Tukifika nyumbani namwacha humo humo amalizie usingizi. Kuna shida?

Jibu: Ndiyo, mhamishe, hata akiamka na kulia. Kiti kikitoka kwenye gari na kuwekwa sakafuni, mlalo wake hubadilika, kichwa kinaangukia mbele na kidevu kinagusa kifua. Njia ya hewa ya mtoto mchanga ni nyembamba na laini, hujikunja kwa urahisi. Mlaze chali, mahali tambarare.

Swali: Jua likiwa kali nafunika kigari kwa kanga nyepesi. Ni sawa?

Jibu: Usifunike mwanya wote. Hata kitambaa chepesi huzuia hewa, na ndani joto linapanda upesi. Tumia kofia ya kigari au mwavuli wa kubana, na mguse mtoto shingoni kila mara.

Swali: Pampu ya kukamulia maziwa iliyotumika je?

Jibu: Nyingi zimetengenezwa kwa mama mmoja, na maziwa yanaweza kuingia ndani ya mashine mahali pasipofikika kusafishwa. Za hospitali, zilizotengenezwa kutumiwa na wengi, ni habari nyingine, ila hata hizo kila mama huwa na mipira na vikombe vyake.

Swali: Na kile kigari cha magurudumu cha kumfundisha mtoto kutembea? Jirani anauza chake, bado kipya kabisa.

Jibu: Usikinunue. Kanada ilipiga marufuku kuviuza tangu 2004, hata vya mtumba. Mtoto anakimbia nacho kufika kwenye ngazi au jiko moto kabla hujanyanyuka. Wala hakimfundishi kutembea, kwani anasukuma kwa ncha za vidole na hajifunzi kujibeba. Mtandikie mkeka, mwekee kochi au stuli nzito isiyoserereka ya kushikilia, ainuke mwenyewe.