Somo: Kupanga kazi na kuuza hadithi za mapenzi bila kuishia njiani

Wengi wenu humu mnaandika vizuri. Kinachowaangusha ni kwamba kila hadithi mnaiuza kana kwamba hakuna nyingine itakayofuata. Msomaji wa mapenzi ana arosto. Akimaliza leo usiku, kesho asubuhi anauliza una nini kingine, na usipokuwa nacho anahamia kwa mwenzako. Kwa hiyo somo hili lote linahusu kumfanya yule aliyenunua mara moja anunue tena.

Hatua ya 1: Maliza kuandika ndipo urushe

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo wengi wanapofia.

Kurusha hadithi kwa vipande hatukuanza sisi. Magazeti ya burudani ya Dar es Salaam yalifanya hivyo kwa miaka mingi, na kila kipande kilifungwa kwa neno "itaendelea". Lakini gazeti lilikuwa na mhariri aliyemfuata mwandishi mpaka alete kazi. Wewe huna. Unarusha sehemu ya kwanza, watu wanashangilia, unapata kichwa. Ukifika ya kumi na mbili mtoto anaumwa, au msuko wa hadithi umekuponyoka hujui yule binti umtoeje hospitali, na kimya kinaanza. Wasomaji wetu wameachwa hewani mara nyingi mno, ndiyo maana siku hizi wanauliza kabla hawajasoma hata mstari: "Imeisha?" Ukiweza kujibu "imeisha, ina sehemu 40", umeshauza nusu.

Andika yote. Iache wiki mbili. Isome upya, kisha mpe mtu mmoja asiyekuonea haya. Hapo ndipo ukate vipande, na kila kipande kiishie mahali panapomnyima mtu usingizi. Ila mwisho wa kipande usidanganye. Mlango ukigongwa, aliyegonga awe na maana. Msomaji akigundua mara ya tatu kwamba alikuwa muuza maziwa tu, umempoteza.

Hatua ya 2: Chagua kona yako

Ndoa ya kupangwa, bosi na mfanyakazi, wake wenza, mapenzi ya chuo, mapenzi yenye majini: kila moja ina watu wake. Kaa kwenye kona moja kwa hadithi tatu angalau. Katika ya kwanza weka rafiki wa mhusika mkuu ambaye wasomaji watampenda, halafu hadithi ya pili iwe yake. Hilo ni tangazo usilolilipia.

Na jambo moja nalisema waziwazi: anayenunua hadithi ya mapenzi anatarajia wawili wale wapatane mwishoni. Ukitaka kumuua shujaa, muue, ni haki yako, lakini usimuuzie mtu kama hadithi ya mapenzi. Mwambie mapema kwamba ni ya majonzi.

Hatua ya 3: Tofautisha barazani na dukani

Facebook, Instagram na TikTok ni baraza. Watu wanapita, wanaonja, wanacheka. Huko weka vionjo. Mauzo yafanyike WhatsApp, na ujue inavyofanya kazi. Kundi moja linabeba watu 1,024. Orodha ya kutuma kwa pamoja inabeba 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako, hivyo kila mnunuzi mwombe aisevu siku ileile anayolipa. Chaneli, iliyokuja mwaka 2023, haikupi namba za watu, kwa hiyo itumie kutangazia tu.

Namba za wanunuzi ziandike pia kwenye daftari la karatasi. Akaunti hufungwa, simu huibiwa. Ila usizigawe kwa mwandishi mwenzako hata akikulilia: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, ni ustaarabu.

Hatua ya 4: Bei na kalenda

Robo ya hadithi itoe bure, iliyobaki ilipiwe kwa mkupuo mmoja. Kukusanya shilingi mia mia kila sehemu kunakuchosha wewe na makato yanamchosha msomaji. Hadithi mpya ianze kulipiwa mwisho wa mwezi, mishahara ikitoka. Tarehe 15 watu wanakopeshana nauli. Ukiwa na wasomaji wengi wa pwani, Ramadhani usirushe chochote chenye chumba cha kulala. Tumia mwezi huo kuandika ya baada ya Idi.

Hatua ya 5: Haki yako

Hakimiliki inaanza ukishaandika, lakini cheti cha COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania (Kenya ni KECOBO), kinasaidia siku ya ugomvi. Ukichapa kitabu, ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu) kwa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwalimu, nikiuza PDF mtu mmoja analipa, kesho iko makundi ishirini. Nifanyeje?*

Hutaizuia yote, dada yangu. Punguza. Kila nakala iandike jina la mnunuzi juu ya kila ukurasa, aone haya kuisambaza. Na ukurasa wa mwisho uweke namba yako ya biashara pamoja na sura ya kwanza ya hadithi inayofuata. Ikiibwa, angalau ikutangaze.

*Natumia jina la kalamu, nyumbani hawajui. Lakini mtu akinitumia pesa, jina langu kamili linatokea. Kuna njia?*

Fungua Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo ya simu. Hapo linatokea jina la biashara. Pia tenga laini ya kazi, isiwe ile iliyo kwenye kundi la ukoo. Jina la kalamu halikuondolei haki ya kazi yako, ila tunza rasimu zako zenye tarehe.

*Shikamoo mwalimu. Wasomaji wangu wanataka "yale mambo" yaelezwe wazi. Nisipoweka wanalalamika.*

Marahaba mwanangu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kusambaza ponografia, na mitandao yenyewe hufunga akaunti bila kukuuliza. Zaidi ya hapo, anayekuja kwa ajili ya hayo tu halipii hadithi, anatafuta ukurasa. Ongeza shauku kabla ya mlango kufungwa: mikono, maneno, kuchelewa. Halafu funga mlango.

*Kaka, mimi niko Marekani. Amazon inalipa?*

Inalipa. Kitabu cha Kindle cha dola 2.99 hadi 9.99 kinaweza kukupa asilimia 70 kwa nchi walizoziorodhesha. Nje ya bei hizo ni 35. Kabla hujalipia jalada, kwanza angalia kama Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha wanazopokea. Ukijiunga na KDP Select, mpango wa Amazon wa kuwauzia wao peke yao, kwa siku 90 huruhusiwi kuuza nakala ya kidijitali popote pengine, hata ile PDF ya WhatsApp. Kama wanunuzi wako wengi wako Temeke na Kisauni na hawana kadi ya benki, hiyo Select iache.