Kuwaonyesha washkaji muvi za kutisha za bajeti ndogo

Anza na Night of the Living Dead ya 1968, ile ya George Romero, maana kule Marekani muvi hiyo haina hakimiliki: wasambazaji walibadilisha jina la muvi wakasahau kurudisha alama ya kopiraiti, kwa hiyo kopi zimejaa mtandaoni bure. Ila uicheki yote mwenyewe kabla, kuna kopi zingine sauti inakwaruza na giza limeshameza nyuso za watu. Shuka jeupe la kuonyeshea muvi lipige pasi kwanza, mkunjo mmoja tu zombi anakuwa na pua mbili. Sabufa weka chini ya shuka, siyo nyuma ya watu. Watu 10 wanatosha kabisa. Wakicheka waache, anayesimulia mwisho ndo wa kumtoa nje.